Msalaba Uliolala

Kipande kile cha bati hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Kilidondoka kutoka kwenye pete ya nyuma ya darubini, kikagonga meza, kikaangukia sakafuni, na baba mdogo akakisukuma kwa ndala hadi chini ya kabati. "Uchafu," akasema. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia taa ya chemli, na nikaona vilevile: uchafu.

Ilikuwa Jumanne usiku, Kasulo, wilayani Ngara, miaka michache baada ya wakimbizi wa Rwanda kurudi kwao Desemba 1996. Bunduki iliyolazwa mezani, raifo ya kaliba .375, ilikuwa ya marehemu baba. Baba mdogo aliirithi kihalali. Kibali kilibadilishwa jina polisi baada ya safari nyingi za kwenda na kurudi. Yeye hakuwa mwindaji wa asili. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu ambaye daftari lisilopigwa mstari wa pembeni alilirudisha kwa mwanafunzi bila kulisahihisha. Picha ukutani ikiinama, hali mpaka ainuke akainyooshe. Mtu wa namna hiyo akichungulia kwenye darubini akauona msalaba umelalia kulia, usingizi utatoka wapi?

Msalaba huo, kwa asiyewahi kuuona, ni nyuzi mbili nyembamba ndani ya darubini, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo. Zinapokutana ndipo mpigaji anapoweka shabaha yake. Zamani mafundi wa vyombo hivi walitumia utando wa buibui, maana hawakuwa na uzi mwingine mwembamba kiasi hicho. Siku hizi ni waya, au mchoro uliochongwa juu ya kioo chenyewe. Ukitazama mti uliosimama wima, na ule uzi wa wima ukaonekana kuukata kimshazari, basi msalaba umelala.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, aliniita niuone. Tulihakikisha bunduki haina risasi, nikaweka kitako begani, nikautazama ule mkaratusi mrefu wa ng'ambo ya bonde. Msalaba ulikuwa umesimama sawasawa na mti. Nikamwambia hivyo.

"Macho yako bado hayajafundishwa mistari," akanijibu.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Watu wawili, chombo kimoja, mti mmoja, na kila mmoja anaona lake. Palepale ndipo tulipotakiwa kukaa chini na kuulizana. Badala yake akaenda kwa fundi baiskeli kuazima alenki.

Alilegeza skrubu zote nane za pete mbili zinazoishikilia darubini. Kile kibati kikadondoka, kikaenda zake chini ya kabati. Akaizungusha darubini kidogo kuelekea kushoto, akaweka bunduki begani, akachungulia kwenye fremu ya mlango, akazungusha tena, mpaka msalaba ukamridhisha. Kukaza kukamshinda. Alikaza skrubu za kulia mpaka mwisho ndipo akahamia za kushoto, na kila mara darubini ikajizungusha pamoja na skrubu na kulala upya. Mara ya tatu akaanza kwa kuilaza makusudi upande wa pili ili ikivutwa ije wima. Ikaja. Akafurahi kama amekokotoa hesabu ngumu ubaoni.

"Baba mdogo, hatuijaribu?"

"Kuna risasi saba. Za namna hii Ngara hazipatikani, mpaka mtu aende Mwanza. Nikizimalizia kwenye karatasi, nyati nitampiga kwa chaki?"

Tukacheka. Simlaumu sana hapo. Mtu mwenye risasi saba huzihesabu kama mwenye njaa anavyohesabu viazi.

Nyati aliyekuwa akisemwa alikuwa dume mzee, mpweke, aliyekuwa akitoka porini usiku na kulala kwenye mihogo ya watu. Wakati huo Biharamulo, Burigi na Kimisi yalikuwa bado mapori ya akiba. Ni mwaka 2019 ndipo yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, eneo la kilomita za mraba 4,707. Pori la siku zile lilikuwa limejeruhiwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kutua Benaco, na watu wengi kiasi hicho lazima wapike. Miti iliondoka, na wanyama wakaondoka. Magendo ya silaha yakafuata, na katika barabara ya Lusahunga mabasi yakawa yanakwenda kwa msafara, na polisi wenye bunduki ndani. Nyati aliyeishi kupitia miaka ile alikuwa amemjua binadamu vizuri kuliko binadamu alivyomjua yeye.

Wanakijiji walipeleka malalamiko, na Ijumaa afisa wanyamapori akaja na bunduki yake. Akamwomba baba mdogo awe mtu wa pili, kama alivyokuwa akimwomba marehemu baba. Mtu wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Kishubi, msomaji wa nyayo, ambaye alikuwa akitembea na fimbo tu. Mimi nilibeba maji.

"Shikamoo, Mwalimu," afisa alimsalimu. "Hiyo bunduki umeijaribu lini?"

"Marahaba. Iko sawa."

"Sijauliza kama iko sawa."

Baba mdogo akatabasamu. Afisa naye akatabasamu, akaliacha hilo swali liende. Alikuwa kijana mbele ya mtu aliyemfundisha darasa la tano, na kwetu si rahisi kumhoji mwalimu wako mara mbili.

Tulimkuta nyati saa mbili kasoro asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, amesimama ubavu kwenye ukingo wa vichaka. Zilikuwa hatua kama 70. Baba mdogo alipiga goti, akaegemeza bunduki kwenye shina la mti, akaweka msalaba begani kwa mnyama, chini kidogo, pale baba alipomwambia kwamba moyo umekaa. Baadaye aliniambia kwamba kilichomtuliza mkono ni jinsi msalaba ulivyokuwa wima, kama mlingoti wa bendera.

Risasi ilipita chini ya kifua na kuvunja mguu wa mbele. Nyati aliyumba, akageuka kwa miguu mitatu, akamezwa na vichaka.

Tulisubiri nusu saa. Ndivyo inavyotakiwa: mnyama aliyejeruhiwa apewe muda wa kulala chini. Kisha mzee wa nyayo akatangulia, afisa nyuma yake, baba mdogo nyuma ya afisa. Damu ilikuwa kidogo na nyayo zilikuwa wazi, na hilo la pili ndilo lililomtia mzee wasiwasi. Nyati aliyeumizwa ana desturi ya kuzunguka na kurudi kuvizia kando ya nyayo zake mwenyewe. Mzee aliinua mkono kutusimamisha, nasi tukasimama, na palepale kichaka cha kushoto kikafunguka.

Afisa alifyatua mara mbili na nyati akaanguka hatua nne kutoka kwake. Lakini mzee alikuwa amesharushwa. Paja lake la kulia lilikuwa limevunjika. Tulimbeba kwenye machela ya miti na makoti hadi barabarani, tukapata pikapu, tukampeleka Hospitali ya Murgwanza. Njia nzima hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ulilenga wapi?"

"Begani, mzee wangu. Naapa, begani."

"Basi."

Jumatatu alikuja fundi mwashi, jirani yetu, kumpa pole baba mdogo. Fundi huyu katika ujana wake alikuwa kibarua wa wapima barabara, wakati kampuni ya Kitaliano ya Benaco ilipokuwa ikijenga barabara na kuacha jina lake pale palipokuja kuwa kambi, kisha mji. Kazi yake ilikuwa kushika ile fito ndefu yenye namba huku mpimaji akichungulia kwa mbali kwenye levo. Siku za mvua, mpimaji akiwa na nafasi, alimruhusu naye achungulie. "Ndani mna msalaba kama huu huu," alisema, akiitazama bunduki iliyotundikwa ukutani. "Na wenyewe huwa unalala. Niletee tuuone."

Kwanza alitaka kuona chemba ikiwa tupu, akaingiza kidole kuhakikisha mwenyewe. Kisha akailaza bunduki juu ya mifuko miwili ya mchanga kwenye benchi lake uani, akaweka pima maji ndogo kwenye sehemu bapa ya chuma nyuma ya darubini, akawa anasukuma mchanga huku na huku mpaka povu likatulia katikati. Sasa bunduki ilikuwa imekaa sawa na dunia. Hatua 50 mbele, kwenye tawi la mparachichi, akaning'iniza timazi kwa uzi mweupe, na ile risasi ya timazi akaichovya ndani ya ndoo ya maji ili upepo usiichezeshe. Nilikuwa nimemwona akiutumia ujanja wa ndoo kwenye kuta ndefu. Sikujua unafaa na hapa.

Akachungulia. Akanyamaza. Akamwachia baba mdogo nafasi.

"Umelalia kushoto!" baba mdogo akasema. "Lakini niliunyoosha!"

"Uliunyoosha kwa nini? Kwa bunduki, au kwa nini?"

Hakujibiwa. Fundi akalegeza pete, akaizungusha darubini mpaka uzi wa wima ukaufunika uzi wa timazi kama mtu na kivuli chake cha saa sita. Akakaza, na hapo nikaona tofauti: robo mzunguko kulia, robo mzunguko kushoto, kwa zamu, huku akichungulia kila mara, na nafasi kati ya nusu mbili za pete ikiwa sawa pande zote. Kisha akashika kifundo cha juu cha darubini, kile cha kupandisha na kushusha shabaha, akakizungusha milio 40. Msalaba ukasogea taratibu, ukarudi, bila kuuacha uzi mweupe hata mara moja.

"Kioo hakina ugonjwa," akasema.

Jaribio hilo ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Darubini inaweza kuwa imezungushwa vibaya ndani ya pete, na hilo ni kosa la anayeifunga. Dawa yake ni alenki na subira. Inaweza pia kuwa msalaba wenyewe umefungwa upande kiwandani, au umegeuka kwa mateke ya bunduki. Hapo ukizungusha kifundo, msalaba utakwenda kimshazari na kuuacha uzi. Darubini ya namna hiyo hurudishwa kwa aliyeitengeneza. Haifunguliwi nyumbani, kwa kuwa nyingi hujazwa gesi ya nitrojeni ili ukungu usiingie, na ukiifungua tu umeiua. Ya kwetu haikuwa na lolote kati ya hayo.

"Sasa, Mwalimu, ishike wewe. Fumba macho, weka begani kama ulivyozoea, halafu yafumbue."

Baba mdogo akafanya hivyo. Fundi akasogea na pima maji, akaiweka pale pale juu ya chuma. Povu likakimbilia pembeni, likakaa huko. Akanipa mimi. Povu likabaki katikati. Akamrudishia baba mdogo, na povu likakimbia tena.

Nilimwona baba mdogo akipeleka mkono wa kushoto polepole kwenye mtulinga wake wa kulia. Miaka mingi kabla ya hapo alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa kutoka Ngara mjini, mfupa ukavunjika, ukaunga vibaya. Bega lilibaki limeshuka. Shati lake lilikuwa likikaa upande, na shangazi alikuwa akimtania kwa hilo kila Jumapili, lakini hakuna aliyelihusisha na bunduki. Kitako kilikuwa kikiingia kwenye bega lililoshuka, na bunduki nzima ikilala kulia pamoja na darubini yake. Msalaba ulikuwa ukimwambia ukweli. Alichofanya Jumanne ile ni kuufundisha usiseme.

Akaomba daftari, na protrakta yake ya ubaoni. Mlalo aliupima: nyuzi 4. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kukokotoa kwa sauti, kama yuko darasani. Risasi ikitoka kwa mwendo wa kama mita 750 kwa sekunde, inapofika mita 100 imeshashuka kama sentimita 9 kutoka mstari wa mtutu. Ukiilaza bunduki kwa nyuzi 4, sehemu ya hizo 9 inakwenda pembeni. Sini ya nyuzi 4 ni 0.07. Tisa mara sifuri nukta sifuri saba.

Akasimama hapo kidogo. Milimita 6. Mlio mmoja wa kifundo kwenye darubini yetu ulikuwa unasogeza shabaha kama milimita 7 kwa mita 100. Kosa lililomnyima usingizi halikufikia hata mlio mmoja. Akapiga hesabu ya mita 300: sentimita sita au saba. Wapo watu wanaopiga shabaha za kilomita nzima, ambako risasi hukaa hewani zaidi ya sekunde moja na nusu na kushuka zaidi ya mita 10. Hao nyuzi 4 zitawapeleka pembeni kwa sentimita 70 na zaidi, na wana haki ya kukosa usingizi. Lakini katika vichaka vya Kimisi, ukimwona nyati kwa hatua 100, umebahatika.

"Basi ile risasi ilishukia nini?" akauliza. Hakuwa akimuuliza mtu.

Fundi alikuwa anapitisha kidole kwenye pete ya nyuma, upande wa chini. "Hapa chuma kimebaki na alama ya kitu. Hapakuwa na kitu katikati?"

Kimya kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kuliko mlio wa bunduki. Niliingia ndani, nikalala kifudifudi, nikapapasa chini ya kabati kwenye vumbi mpaka nikakipata. Nilipokitoa kwenye mwanga niliona kwamba kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, pembe zake zimeviringishwa vizuri, kimekunjwa mara moja. Upande wa ndani kilibaki na rangi nyekundu ya kopo la soda. Mkato ule niliujua. Baba alikuwa akikata viraka vya sufuria kwa namna ile ile.

Hakuacha maelezo. Inaelekea pete zile hazikulingana tangu mwanzo, akaitafutia darubini kimo chake kwa kopo la soda, akapiga majaribio yake, ikakubali, yakaisha. Kwake yalikuwa mambo ya kawaida, ya kutoandikwa.

Baba mdogo alikipokea, akakitazama, akafungua ukurasa mpya. Bati la kopo: kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Likikunjwa: mbili za kumi. Umbali wa pete kwa pete: sentimita 10. Mbili za kumi za milimita kwa kila sentimita 10, ukipeleka hesabu hiyo mpaka hatua 70 zilizokuwa karibu na mita 70, ni sentimita 14. Nyuma ya darubini ikishuka, mbele inatazama juu; mpigaji akirudisha msalaba kwenye shabaha, mtutu unainama. Sentimita 14 kwenda chini. Kutoka moyoni mpaka kwenye mfupa wa mguu.

Aliandika jibu, akachukua rula, akalipigia mistari miwili chini yake. Mkono haukutetemeka. Kisha akafunga daftari na kuingia ndani, na hatukumwona mpaka jioni.

Fundi alibaki anakusanya timazi yake. Akaniambia kuhusu mpimaji wake wa zamani, jinsi alivyokuwa akiitegea levo asubuhi: anatazama alama moja ukutani, anaizungusha levo polepole, na ile alama ikiuacha uzi wa mlalo, anajua msalaba umegeuka. Analegeza skrubu nne ndogo, anaurudisha. Lakini akishazigusa zile skrubu, hata kama amezigusa kidogo tu, vibarua wote waliambiwa wakae kivulini, kwa sababu asingekubali hata jembe moja lishuke kabla hajapima upya kutoka kigingi hadi kigingi. "Tulimcheka," fundi alisema. "Nusu siku ya kazi inapotea kwa sababu ya kitu usichoweza hata kukishika."

Mzee wa nyayo alikaa Murgwanza wiki nyingi. Baba mdogo aliuza ng'ombe mmoja, akawa anakwenda kila Alhamisi na chungwa na gazeti, ingawa mzee hakujua kusoma. Alimsomea.

Mzee aliporudi, kwa magongo mawili, baba mdogo alimwomba afisa wanyamapori aje, na tukaenda wote kwenye shimo la moramu lililoachwa, lenye ukuta mrefu wa udongo nyuma yake. Kibati kilikuwa kimerudi mahali pake. Fundi alikuwa amegandisha pima maji ndogo ya duara kwenye chuma, ukubwa wa kifungo cha koti, na kitako kimeongezwa kipande cha mpira wa tairi upande mmoja ili kikae kwenye bega lile bila kulala. Karatasi ilibandikwa kwenye boksi hatua 50 mbele. Risasi zilikuwa zimebaki sita.

Alipiga tatu. Kati ya risasi na risasi alikuwa akisubiri povu litulie, na hakuna aliyemharakisha. Afisa alikwenda kuichukua karatasi, akairudisha bila kusema kitu: matundu matatu, ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Baba mdogo alinyoosha mkono kuipokea, lakini mzee alikuwa karibu zaidi. Aliegemeza gongo moja kwenye kwapa, akaipokea karatasi, akaitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama nyayo. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Hizo tatu zilizobaki, Mwalimu," akasema, "utakwenda nazo na nani?"

Tukaanza kurudi taratibu, kwa mwendo wake.